Shingo nyeusi ya mtoto mnene si uchafu

Kuna watoto ambao husuguliwa shingo kila jioni kwa dodoki na sabuni, na wakati mwingine hata kwa jiwe la kusugulia nyayo, na bado ngozi ya hapo haitakati. Mama huona aibu, mwalimu humkemea mtoto kwamba haogi, na wenzake humcheka. Mwisho wake hununuliwa krimu ya kung'arisha ngozi. Ukweli ni kwamba hapo hapana uchafu. Iwapo mtoto huyo ni mnene, na ngozi ya nyuma ya shingo imekuwa nyeusi, nene na laini kama mahameli, na pengine weusi huo uko pia makwapani na kwenye mikunjo ya kinena, basi hiyo ni alama ya jambo linaloendelea ndani ya mwili wake. Insulini imezidi kwenye damu.

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya mfuko wa chakula. Kazi yake kubwa ni kuiwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia katika misuli na viungo vingine ili itumike kuleta nguvu au iwekwe akiba. Mtoto anaponenepa kupita kiasi, hasa mafuta yanapojaa tumboni na kwenye ini, viungo hivyo huanza kuipuuza insulini. Ni kama mlango ambao bawaba zake zimeshika kutu: zamani mtu mmoja aliufungua, sasa wanahitajika watatu. Kwa hiyo kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi. Kwa miaka kadhaa hufaulu, na ukimpima mtoto sukari utaambiwa ni ya kawaida. Lakini insulini hiyo ya ziada ndiyo huichochea ngozi ya shingo kuwa nene na nyeusi. Kongosho likielemewa, sukari huanza kubaki kwenye damu, na hicho ndicho kisukari cha aina ya pili.

Nisieleweke vibaya. Si kila shingo nyeusi ni dalili ya insulini, na wapo watoto wanene wasio na alama hiyo lakini miili yao imo katika hali iyo hiyo. Hata hivyo, mzazi anayeiona kwa mtoto mnene asiisugue wala kuipaka krimu. Ngozi hiyo hufifia yenyewe kadri unene unavyopungua, ingawa huchukua miezi mingi.

Kisukari cha aina ya pili kilijulikana kama ugonjwa wa watu wazima, na hapa kwetu wengi walikihesabu kuwa cha matajiri. Ni kweli kwamba bado tuna tatizo kubwa zaidi la watoto waliodumaa. Takwimu za kitaifa za mwaka wa 2022 zilionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, na asilimia 3 tu walikuwa na uzito uliozidi. Lakini takwimu hizo huishia kwenye umri wa miaka 5, na unene mwingi tunaouona kliniki huanza mtoto akiwa tayari shuleni. Kote ulimwenguni, Shirika la Afya Duniani linasema, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 8 mwaka wa 1990, na kufikia mwaka wa 2022 walikuwa asilimia 20.

Nani ni mnene?

Kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto hutunzwa vizuri hadi chanjo ziishe, kisha hutupwa kabatini. Kuanzia hapo mtoto hapimwi uzito tena mpaka augue. Macho ya mzazi nayo si mizani ya kutegemewa. Kwa wengi wetu mashavu manono ni dalili ya malezi mema, na mtoto mwembamba huwafanya majirani waulize kama nyumbani kunaliwa.

Pima hivi. Chukua uzito wa mtoto kwa kilo, ugawanye kwa urefu wake kwa mita, kisha ugawanye tena kwa urefu huo huo. Jibu hilo ndilo wengi hulijua kama BMI. Kwa mtu mzima tunatumia viwango vile vile maisha yote, lakini kwa mtoto hubadilika kila mwaka na hutofautiana kati ya wavulana na wasichana. Kwa mvulana wa miaka 10, kwa mfano, jibu likipita 18.5 uzito umezidi, na likipita 21.4 huo ni unene wa kupindukia. Kwa msichana wa umri huo viwango ni 19.0 na 22.6. Mhudumu wa afya ana majedwali ya umri mwingine.

Asiye na mizani atumie kamba. Mpime mtoto urefu kuanzia utosini hadi nyayo, ikunje kamba hiyo mara mbili, kisha uizungushe kiunoni, usawa wa kitovu au juu yake kidogo, baada ya mtoto kutoa pumzi. Kwa mtoto aliyepita miaka 5, ncha zikikosa kukutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu na inafaa apelekwe kupimwa vyema.

Kuna jambo jingine la kutazama, nalo ni urefu. Mtoto aliyenenepa kwa sababu ya chakula kwa kawaida huwa mrefu kama wenzake au kuwazidi. Akiwa mnene na huku ameacha kurefuka, mpeleke kwa daktari mapema, kwa kuwa huenda tatizo ni homoni. Aidha, mweleze daktari dawa zote anazotumia. Sirapu za kuongeza hamu ya kula hununuliwa kiholela na kupewa watoto wasiokuwa na ugonjwa wowote, na zipo dawa za steroidi zinazonenepesha zikitumiwa kwa muda mrefu. Steroidi, hata hivyo, zisikatizwe ghafla bila ushauri.

Asipungue, arefuke

Mzazi akishaambiwa kwamba mtoto ni mnene mno, jambo la kwanza linalomjia ni kumnyima chakula. Hilo ni kosa, na halihitajiki. Mtoto ana bahati ambayo sisi wakubwa hatuna tena: bado anarefuka. Tuchukue mvulana wa miaka 10 mwenye kilo 46 na urefu wa mita 1.38. BMI yake ni 24.2, yaani unene wa kupindukia. Akikaa kwenye kilo hizo 46 kwa miaka miwili huku akirefuka kama watoto wengine hadi mita 1.49, BMI yake itakuwa 20.7. Kwa mvulana wa miaka 12 unene wa kupindukia huanza baada ya 23.6, kwa hiyo atakuwa ameutoka bila kupoteza hata kilo moja. Hata akiongeza kilo mbili katika muda huo, bado atakuwa ametoka. Hesabu hii huwapa wazazi nafuu kubwa, maana huja wakitarajia kuambiwa mtoto apunguze kilo 10 kabla ya shule kufunguliwa. Kwa kijana aliyekaribia kumaliza kurefuka, au aliye mnene sana, daktari anaweza kutaka uzito upungue kidogo kidogo, lakini hilo lifanywe chini ya uangalizi.

Je, faida yake ni ipi kwa upande wa kisukari? Mwaka wa 2018 watafiti wa Denmark walichapisha uchunguzi wa wanaume zaidi ya 62,000 waliokuwa wamepimwa uzito na urefu wakiwa na miaka 7, wakapimwa tena wakiwa na miaka 13, na tena walipokuwa vijana. Waliokuwa wamenenepa wakiwa na miaka 7 lakini wakarudi kwenye uzito wa kawaida kabla ya miaka 13, na wakabaki hivyo ujanani, walikuwa na hatari ya kisukari ukubwani inayokaribia ile ya watu ambao hawakuwahi kuwa wanene. Waliochelewa hadi baada ya 13 walipata nafuu pia, ila si kamili. Mimi huusoma uchunguzi huo kama habari njema yenye tarehe ya mwisho. Mtoto wa miaka 8 ana muda wa kutosha, na ni vibaya muda huo upite tukingojea "aukue unene wake", kama wengi wanavyosema.

Kikombe kabla ya sahani

Ningeruhusiwa kubadilisha kitu kimoja tu katika nyumba, ningeanza na vinywaji. Sukari ya kunywa haishibishi. Mtoto aliyekunywa soda atakula chakula chake kama kawaida, na sukari ile itakuwa imeingia juu yake. Shirika la Afya Duniani hushauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ambayo mtu hupata katika chakula kwa siku, na kwamba ni bora zaidi ikishuka chini ya nusu ya hapo. Kwa mtoto wa shule hiyo nusu ni kama gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai. Sasa hesabu: vijiko 3 kwenye chai ya asubuhi, vijiko 3 kwenye uji wa jioni, na mtoto amekwisha maliza fungu lake kabla hata ya kufika kwenye duka la mtaa. Akifika huko soma kibandiko cha chupa. Kinywaji chenye gramu 10 kwa kila mililita 100, kikiwa kwenye chupa ya mililita 500, kina gramu 50. Hivyo ni vijiko 12 na nusu vinavyonywewa kwa dakika tano.

Juisi ya pakiti haina nafuu, hata ile iliyoandikwa kuwa ni ya tunda tupu. Asali nayo ni sukari, ingawa wengi huipa heshima ya dawa. Mtoto ale chungwa lenyewe na anywe maji. Kwenye chai punguza nusu kijiko kila wiki badala ya kuikata sukari yote kwa siku moja, kwa sababu ulimi huzoea polepole, na mtoto aliyekatiwa ghafla ataitafuta kwa jirani.

Kwa upande wa sahani sina orodha ya vyakula vya ajabu. Githeri, ndengu, maharagwe, omena, mayai, sukuma wiki, managu, nduma na viazi vitamu ni chakula bora kuliko vingi vinavyouzwa kwa bei ghali. Tatizo ni kiasi cha mafuta na ukubwa wa sahani. Mandazi na chapati za kila asubuhi, chipsi za kibandani kila Ijumaa, soseji, krips na biskuti za mapumziko ya saa nne, hivyo ndivyo vinavyojaza. Jaza nusu ya sahani kwa mboga, robo kwa ugali au wali, na robo kwa maharagwe, samaki, nyama au yai. Tumia sahani ndogo. Akitaka kuongezwa, angoje kama dakika 15 hivi, kisha aanze na mboga. Na tuache kumlazimisha mtoto aliyeshiba amalize chakula kwa vile kuna wanaolala njaa. Anayelala njaa hasaidiki kwa lolote mwingine akivimbiwa.

Kosa linalovunja tiba hii mara nyingi kuliko jingine lolote ni kumpikia mtoto mnene peke yake. Anapewa mboga za kuchemsha huku ndugu zake wakitafuna kuku wa kukaanga, naye huona kwamba anaadhibiwa. Ataiba, tena atajifunza kula kwa siri, tabia ambayo ni vigumu kuiondoa. Badilisheni nyumba nzima. Mzazi aamue ni nini kinaingia jikoni na kinaliwa saa ngapi, halafu mtoto aamue ale kiasi gani katika kilichoandaliwa. Soda isiyokuwa nyumbani haina haja ya kukatazwa. Baba anayerudi na mfuko wa vitamu mwisho wa mwezi anaweza kurudi na maembe au mpira.

Yaya aelezwe, maana ndiye anayemimina sukari. Nyanya naye azungumziwe kwa heshima, asipigwe marufuku. Nyanya nyingi za kizazi chetu zimeona njaa, na kwao kumlisha mjukuu ndiko kumpenda. Ukimwambia kwamba daktari amekataza, atakuona wewe ndiye mnyimaji. Njoo naye kliniki. Nimeona mara kadhaa akina nyanya ambao wenyewe wana kisukari, na wanapoelezwa kwamba mjukuu yuko kwenye njia iyo hiyo wao huwa walinzi wakali wa bakuli la sukari kuliko wazazi.

Kucheza na kulala

Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji dakika 60 za kuhangaisha mwili kila siku, na si lazima ziwe kwa mfululizo. Katika mitaa mingi ya Nairobi hilo si rahisi. Viwanja vimejengwa, barabara ni ya magari, na mtoto huchukuliwa na gari la shule kabla ya mapambazuko na kurudishwa akiwa na kazi za ziada za kuandika. Sitawaambia wazazi wa hali hiyo watafute klabu ya kuogelea. Kamba ya kuruka huhitaji nafasi ndogo tu. Kutembea kwenda dukani na kurudi, kupanda ngazi, kufua soksi zake, kupiga deki, kucheza dansi sebuleni, vyote huhesabika. Shuleni, wazazi waulize kama kipindi cha michezo kilicho kwenye ratiba hutumiwa kwa michezo au hugeuzwa kuwa cha hesabu.

Usingizi husahauliwa. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji kulala saa 9 hadi 11, na anayelala kidogo huwa na njaa zaidi siku inayofuata. Simu na runinga zisiingie chumbani. Mtoto mnene anayekoroma sana na kusinzia darasani achunguzwe, kwa vile huenda pumzi yake hukatika usiku.

Kuhusu maneno, majina kama "bonge" yakome nyumbani, hata kwa mzaha. Mtoto anayedhihakiwa hutafuta faraja, na faraja iliyo karibu zaidi ni chakula. Usizungumzie unene wake mbele ya wageni, na usimpime uzito kila siku. Mara moja kwa mwezi inatosha.

Vipimo na dawa

Mtoto mnene aliyefikisha miaka 10, au aliyeanza kubalehe kabla ya hapo, apimwe sukari iwapo ana shingo nyeusi, shinikizo la damu, mzazi au nduguye au nyanya au babu mwenye kisukari cha aina ya pili, au iwapo mama yake alipata kisukari wakati wa ujauzito wake. Kipimo cha kabla ya kula chochote kikifika milimoli 7.0 kwa lita, au kile cha wastani wa miezi mitatu kikifika asilimia 6.5, hicho ni kisukari, ingawa kwa mtoto asiye na dalili tunarudia ili kuthibitisha. Vikiwa vya kawaida, arudi baada ya miaka mitatu, au mapema zaidi kama uzito unaendelea kupanda. Apimwe pia shinikizo la damu, mafuta kwenye damu na hali ya ini.

Ninasisitiza vipimo kwa sababu kisukari cha aina ya pili kikimpata kijana huwa kikali kuliko kinapompata mtu wa miaka 50. Katika uchunguzi mkubwa wa Marekani uliohusisha vijana 699 waliougua wakiwa na miaka 10 hadi 17, matokeo ya mwaka wa 2012 yalionyesha kuwa metformini, dawa ya kwanza ya ugonjwa huu, ilipotumiwa peke yake ilishindwa kudhibiti sukari kwa takriban nusu yao. Walipofuatiliwa, ripoti ya 2021 ilieleza kwamba wakiwa na umri wa wastani wa miaka 26 asilimia 60 walikuwa tayari na angalau tatizo moja la macho, figo au neva. Huo ni umri wa kutafuta kazi na kuoa.

Metformini inaruhusiwa kwa mwenye kisukari kuanzia miaka 10, na wengine huhitaji insulini. Katika miaka ya karibuni zimekuja pia sindano za kupunguza uzito zinazoruhusiwa kwa vijana wa miaka 12 na kuendelea katika baadhi ya nchi. Ni ghali, zinataka daktari mzoefu, na hazichukui nafasi ya mambo niliyoyaeleza. Chai za kukata tumbo na vidonge vinavyouzwa mitandaoni asipewe mtoto kabisa.

La mwisho ni la dharura. Mtoto yeyote, awe mnene au mwembamba, akianza kunywa maji kupita kawaida, kukojoa mara kwa mara, kurudia kukojoa kitandani na kupungua uzito kwa wiki chache, usifurahie kupungua huko. Watoto wengi wenye kisukari hapa nchini bado ni wa aina ya kwanza, ambayo haitokani na unene wala ulaji, na ambayo bila insulini huua. Akifikia kutapika, kuumwa na tumbo, kupumua kwa kina na kwa haraka, au kusinzia ovyo, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Dalili hizi hufanana na za malaria na homa ya matumbo. Kwa hivyo mwombe mhudumu atoboe kidole na kupima sukari kabla ya kukuandikia dawa nyingine. Ni tone moja la damu, na majibu hutoka kabla hujaketi.